Kisanduku cha Ijumaa

Bi Mwanakombo hakumwamini yule bwana wa kupima hewa tangu alipopiga hodi siku ya Ijumaa. Mtaa mzima unajua kwamba Ijumaa tanuru la kiwanda cha saruji huzimwa lisafishwe. Ndiyo siku pekee anayoanika kanzu nyeupe za mumewe. Siku nyingine huingia rangi ya jivu hata kabla hazijakauka.

Kisanduku chake cha kupimia kilikaa barazani tangu asubuhi, na alasiri yule bwana akakisoma.

"Hewa yenu safi kabisa, mama. Nitaandika kiwanda hakihitaji chujio la moshi."

Chumbani Rukia, mjukuu wa Bi Mwanakombo, alikuwa akikohoa, kile kikohozi chake cha kubana kifua.

"Safi leo, mwanangu. Kiache mpaka kesho."

"Kinatakiwa ofisini."

"Aliyekuchagulia Ijumaa nani?"

Yule bwana akapangapanga karatasi zake.

Bi Mwanakombo alivuta kigoda mpaka mbele ya kile kisanduku, akaketi, akapakata ungo wa mchele, akaanza kuchambua punje moja moja, huku yule bwana amesimama na mkoba wazi wa kukitia.