Nyuma ya Sikio la Lulu

Protus alimtambua mbwa kabla ya kumtambua mwenye mbwa. Jicho moja la buluu, jingine la kahawia, na manyoya marefu meupe ambayo sasa yalikuwa yameshikana mabonge mabonge kama pamba ya godoro kuukuu. Mbwa huyo alikuwa kwenye simu yake, katika picha ya mwisho aliyotumiwa na dada yake kutoka Riyadh: Damaris anacheka, amemkumbatia Lulu.

"Toeni mabonge, manyoya yabaki," yule bwana aliagiza kwa Kiarabu. "Madam anayapenda marefu."

"Nani humchana nyumbani?" Protus aliuliza.

"Mafi, hakuna mtu. Alikuwako mfanyakazi, Mkenya kama wewe. Alitoroka mwaka jana, halas, yakaisha."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akaletewa chai.

Alitoroka. Neno hilohilo ndilo mwajiri wa Damaris aliloiambia familia kwa simu, kisha namba yake ikafa. Protus akaja Saudia kumtafuta dada yake, akaikuta nyumba ya Riyadh ina watu wengine, akaishia Jeddah, katika duka hili la kuosha mbwa na paka mtaani Baghdadiyah. Huko Kakamega mama yao alishakata tamaa. Walizika shina la mgomba mahali pa Damaris, kama wafanyavyo kwa mtu aliyepotelea mbali. Na leo kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuja Saudia, huyu hapa, anapuliza chai. Mungu si Athumani.

Muhsin, mwenye duka, mzaliwa wa Jeddah ambaye wazee wake walitoka Unguja, aliuona uso wa Protus ukibadilika.

"Una nini, ndugu yangu?"

"Ni yeye, Bwana Muhsin. Kafili wa Damaris."

Muhsin alimtazama mteja, kisha akautazama mkasi mkononi mwa Protus. "Hasira hasara. Fanya kazi yako, umwachie Mungu yake."

"Nimemwachia mwaka mzima."

Alimpandisha Lulu mezani. Bonge la manyoya huvuta ngozi ndani yake; mkasi ukikosea kidogo tu, unakata nyama, na hakuna mteja atakayejua kama ni bahati mbaya. Protus aliliwazia sikio. Aliiwazia damu juu ya weupe ule, na madam akipiga mayowe, na moyo wake ukaburudika. Ikiwa kwao mbwa ana thamani kuliko dada yake, basi na wamlilie mbwa.

Alianza na mgongo, ili yule bwana amzoee na aache kumtazama. Alinyunyiza unga wa mahindi, akayapasua mabonge kwa vidole, akachana kutoka nchani kuelekea shinani huku ameyabana manyoya karibu na ngozi yasimvute mbwa. Chuki ilikuwa haijamsahaulisha kazi. Lulu alitulia, kama binti zake Protus walivyotulia zamani mapajani mwa shangazi yao. Damaris alisuka kwa mkono wa kushoto. Misuko yake ililala upande usio wa wasusi wengine. Tena alikaza kweli. Usiku wa kwanza watoto walilia wakigusa mto tu. Wiki ya pili misuko imelegea, wamesahau.

"Yalla, yalla," yule bwana alisema, akitazama saa yake.

Sasa, Protus akajiambia. Akalifunua sikio la kushoto, akaupanua mkasi.

Chini ya bonge, palipofichwa na manyoya marefu, palikuwa na misuko mitatu midogo, imebana hadi ngozini. Ilikuwa imelala upande usio wa wasusi wengine.

Mkasi ukabaki hewani. Machozi yalimjaa Protus. Mgomba walikuwa wameulilia, lakini hiki kilikuwa kitu kilichopita mikononi mwa Damaris mwenyewe. Akaugusa msuko mmoja kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayegusa kaburi.

Lulu akajivuta, akalia, kama walivyolia wale watoto usiku wa kwanza, misuko ikiwa bado mipya.

Protus aliulaza mkasi mezani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Bwana Muhsin, mwambie mteja kazi ni kubwa, asisubiri. Mbwa tutampeleka nyumbani sisi wenyewe. Atuachie anwani."