Punda Asiyegaagaa

Palikuwa na Punda aliyeamini kwamba mgongo wa baba ndio paa la nyumba. Mwaka mmoja mvua ziligoma, mahindi yakaadimika, na Ngiri, aliyemwajiri kubeba magunia, akafunga kinu chake. "Ndugu yangu," alimwambia Punda, "sina tena cha kukubebesha."

Nyumbani Punda hakusema. Kila asubuhi alivaa shogi lake la kubebea magunia, akashinda kichakani akitafuna miiba, na jioni akarudi anahema. Akiandaliwa pumba alisema, "Kuleni ninyi. Mimi nimeshiba kazini."

Jioni ya nne mkewe alimvua shogi taratibu. "Mume wangu, kinu kimefungwa, sivyo?"

Punda alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Miaka yote ukitua mzigo hujitupa mavumbini ukagaagaa. Siku nne hizi unatua na kusimama wima kama nguzo. Nilikuwa nangoja useme."

"Niliona haya," alisema Punda, kichwa chini.

Mkewe akafunua kapu. Pumba za siku zote nne zilikuwamo, hazijaguswa. "Nasi tulikuficha. Tangu jioni ile ya kwanza mimi na wanao tunakula mabua, hizi tunakuwekea wewe. Kesho twende kichakani sote, utuonyeshe hiyo miiba yako."

Wakala pumba pamoja. Kisha Punda, ambaye siku hiyo hakubeba hata punje, akajitupa mavumbini akagaagaa mpaka watoto wakacheka.