Sauti ya Mzee Felisian

Sauti haikuwemo. Teodosia alitafuta ndani ya simu, akaizima, akaiwasha, akatafuta tena, huku wazee wa ukoo wakimsubiri mikekani. Nicholaus, mdogo wake, alikuwa anakunywa chai na wala hakumtazama.

"Nipeni mpaka kesho," Teodosia alisema. "Maneno ya baba ninayo sehemu nyingine."

Alisema kwa kujiamini. Mwaka ule wa 2008 kijiji chao cha Chinongwe hakikuwa na umeme, na wenye simu walizipeleka Ruangwa mjini kuzichaji kwa Isihaka, fundi mwenye jenereta na kompyuta. Baba yao, Mzee Felisian, alipokubali kurekodiwa, akatamka kwamba shamba la mikorosho apewe Teodosia, aliyelipulizia dawa ya salfa miaka yote huku akimuuguza yeye, Teodosia alikimbilia kwa Isihaka. Fundi akachomeka simu kwenye kompyuta. "Dada, sasa iko kote kuwili," akamwambia. "Kalale usingizi."

Akalala kweli. Simu iliendelea kwenda mjini kuchajiwa, mara kwa baiskeli ya jirani yao Jumanne, mara na baba mwenyewe alipojisikia nafuu na kutaka kunyoosha miguu, na kila mara ilirudi imejaa chaji. Kisha ukaja msiba wa baba. Nicholaus akafika kutoka Nachingwea, akaiazima simu awapigie ndugu, akakaa nayo jioni nzima.

Jioni nzima! Njia yote ya mjini Teodosia hakuwaza kingine. Mtoto aliyembeba mgongoni, aliyemwachia ubwabwa wake ashibe, leo anamfutia haki yake huku akilia machozi ya kaburini. Roho ilimuuma mpaka akashindwa kuitikia salamu za watu.

Isihaka alimpa kiti, akafungua kompyuta. Zikapita picha za harusi, zikapita nyimbo za kwaya. Akarudi juu, akashuka tena.

"Dada, haimo."

"Haimo vipi? Si uliniambia umeihifadhi?"

Fundi alijikuna shingo. "Sikuiwekea nakala ya akiba. Nilizifanya simu na kompyuta zifanane. Kikiongezwa kitu kwenye simu, huku nako kinaongezeka. Kikifutwa kule, siku simu ikichomekwa tu, mashine inakifuta na huku. Akiba ni kazi nyingine, hukuniomba."

"Ningekiombaje kitu nisichokijua?" Teodosia alifoka. Hapo machozi yakamtoka. "Basi Nicholaus amenimaliza. Alikuja lini hapa?"

"Nicholaus yupi?"

"Mdogo wangu! Aliyekuwa na simu wakati wa msiba."

Isihaka aliitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Tangu msiba simu hii haijafika hapa, dada. Iliyofutwa huku ilifutwa kabla."

"Kabla, nyumbani kulikuwa na mimi na mgonjwa tu. Jumanne hajui hata kuiwasha."

Nje, jenereta ilikohoa ikaendelea kunguruma.

"Isihaka, nani aliileta mara ya mwisho?"

"Mzee mwenyewe," Isihaka alisema, akiinamisha macho. "Aliniomba nimwonyeshe pa kufutia, akabonyeza kwa mkono wake, kisha nikaichomeka kwenye kompyuta kama kawaida. Sikuona alichofuta. Aliniuliza tu kama binti yake angeweza kukirudisha."