Limekubali

Mfuko wa mkojo kando ya kitanda ulikuwa bado mkavu. Binti amelala. Mama yake, aliyempa figo lake moja jana, alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi pale.

"Muulize daktari," alimwambia mkalimani. "Limekubali?"

Mkalimani akaligeuza neno hilo kichwani. Kwa Kiingereza, kukubali ni "agree", kitenzi cha mtu mwenye kichwa cha kutikisa. Figo linafanya kazi au halifanyi, basi. Lakini mama hakuuliza hivyo. Mkalimani akaamua kulitafsiri neno kama lilivyo, liwalo na liwe.

Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, alikunja uso. "Nani akubali? Figo?"

"Ndiyo, dokta. Figo."

Hapo hapo tone la manjano hafifu likachungulia ndani ya mpira wa mkojo, likatetemeka, likateremka. Jingine likafuata.

Daktari akapiga magoti sakafuni, akalitazama kama mtu asiyewahi kuona maji. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mwambie limekubali."

Mama hakungoja tafsiri. Aliliinamia tumbo la bintiye, akanong'ona kama anayemuaga mtoto mlangoni:

"Haya. Kaa naye vizuri."