Shati la Baba Felista

Katika mtaa wetu wa wachimbaji, milango hufunguka kwa pumzi. Unapuliza kwenye kitundu, na kama mapafu yako yameingiwa na vumbi la urani, mlango haufunguki. Mume wangu Osmundi, mlango wetu umemkataa tangu masika. Analala kibanda cha uani, na sisi tulio safi haturuhusiwi kumsogelea. Chakula nampitishia dirishani. Akikohoa, anajichekesha ili nisisikie kikohozi.

Jana jioni nilirudi kutoka dukani, nikapuliza. Mlango ukanyamaza. Nikapuliza tena, kisha nikaupiga teke na kuutukana.

“Mama Felista, kuna nini?” Osmundi akaniuliza kutoka uani.

“Mlango umenikataa na mimi.”

Nilidhani nitalia. Badala yake nilikwenda kuketi ubavuni pake, kwa mara ya kwanza tangu masika. Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kilekile, kigumu na chenye joto. Nikammenyea ndizi, tukala pamoja.

“Lakini wewe hujawahi kukanyaga mgodini,” akasema. “Vumbi umelitoa wapi?”

“Shati lako la kazi. Sikulifua. Lilikuwa na harufu yako, nikawa nalala nalo.”

Akanivuta kifuani kwake, akacheka kwa upole. “Sasa liko wapi?”

Niliinuka, nikakimbilia dirisha la nyumba. Ndani, binti yetu Felista alikuwa amesinzia kwenye kochi, shati limemfunika hadi puani, kama nilivyomfunika mwenyewe alipomlilia baba yake.