Sauti ya Elinami Kwenye Chupa

Tangu matangazo ya pombe yapigwe marufuku, kila chupa ya bia inapofunguliwa lazima itoe onyo, mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyeuawa na bia ya aina hiyo. Elinami alirekodiwa wodini, wiki moja kabla ini halijammaliza.

Mjane wake, Ndeshi, hakuwahi kuonja pombe mumewe akiwa hai. Lakini kila jioni, akishalisha ng'ombe, alinunua chupa moja, akaifungua jikoni na kusikiliza.

"Naitwa Elinami. Pombe imeniua. Acheni." Kisha kikohozi, na maneno ambayo waliomrekodi walisahau kuyakata: "Mama Aikande, nipe maji."

"Nakuletea, Baba Aikande," alijibu. Halafu aliimwaga bia yote kaburini, kwenye migomba, kama wazee walivyowamwagia wahenga mbege, pombe ya ndizi.

Jumamosi binti yao, Aikande, alikuja kutoka mjini. Alikuta chupa tupu zimejaa nyuma ya mlango.

"Mama, zote hizi umemmwagia baba?"

"Zote."

"Na hii ya leo?"

"Nimetoka kummwagia sasa hivi," Ndeshi alisema, bila kugeuka.

Aikande alikwenda kwenye migomba, akachutama, akagusa udongo wa kaburi. Ulikuwa mkavu.