Nyota ya Bati ya Alder Fork

Kopo la kahawa lilikuwa tupu.

Orville Haugen akalipindua, akalitikisa, akachungulia tena. Wapi! Punje chache za kahawa zikamwagika kwenye sakafu ya gereji, basi. Jana alikuwa ameificha nyota ya usherifu humo kwa mkono wake mwenyewe, nyuma ya makopo ya rangi, akiapa kwamba Kovacic, aliyemshinda kwenye uchaguzi, hataivaa. Asubuhi hii hasira zimeshuka, aibu imepanda, na adhuhuri Kovacic anaapishwa kuwa sherifu mpya wa kaunti ya Alder Fork.

Nyota yenyewe ukiiona utacheka. Ni bati tupu. Mhunzi wa mgodini aliikata kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya nguruwe, enzi hizo kaunti haina hata jela, na ncha yake moja ilipinda sherifu wa kwanza alipoangushwa na farasi. Baadaye zikaja beji za kununua: ngao ya nikeli yenye tai, kisha nyota iliyopakwa dhahabu, kisha hii ya leo ya kushonwa kwenye shati. Zote zimetundikwa ukutani mahakamani. Ya bati haitundikwi. Sherifu hukaa nayo nyumbani, na siku akiondoka humpachika anayemfuata kwa mkono wake, mbele ya watu. Asiyepachikwa, hata aape mara mia, Alder Fork watamwita sherifu wa makaratasi mpaka anazikwa.

Na aliyeipoteza je? Huyo hajawahi kutokea.

Akapekua pikapu. Akapekua sanduku la ndoana. Akatoka kwenye theluji na ndara zake, akaanza kufukua pipa la taka. Ng'ambo ya ua, jirani yake Lyle alikuwa anaondoa theluji kwa koleo.

"Mzee Haugen! Unatafuta kura humo?"

"Lyle, niache."

"Pole, bwana. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Lyle akanyoosha koleo kwenye mabango mawili ya uchaguzi yaliyokuwa bado yamesimama mbele ya nyumba ya Orville, moja la HAUGEN, moja la KOVACIC. "Na hilo la pili mbona huling'oi?"

"Ling'oe wewe, ukione cha mtema kuni."

Lyle akacheka mpaka akaliegemea koleo lake.

Acha wacheke. Kilichomuuma Orville ni kwamba Kovacic alikuwa naibu wake, mtu anayejua anapoficha sigara na anapoficha woga. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Tena kulikuwa na jambo la zamani. Kabla ya Orville nyota ilikuwa ya mzee Kovacic, na siku mzee anastaafu alimruka mtoto wake wa kumzaa, akampachika Orville, kijana wa kuja. Kwa nini, hakuna aliyeuliza. Enzi hizo mambo kama hayo hayakuulizwa. Kovacic huyu alisimama mstari wa mbele, akapiga makofi pamoja na wengine.

Ndani, mkewe Vida alikuwa anamalizia kumpigia pasi shati. Vida mwenyewe alikuwa tayari amevaa koti, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Vida, hujaiona nyota?"

"Si unayo wewe?"

"Nilikuwa nayo. Niliiweka mahali."

"Mahali hapo hapana jina?"

Tangu uchaguzi Orville alikuwa akilala kwenye kochi kwa kununa kwake, na hakuwa na nguvu za kuongeza aibu nyingine.

"Kila Jumapili nimeisugua mimi hiyo nyota," Vida akasema. "Leo unaniambia mahali."

"Kovacic kaiiba!"

Vida akaiweka pasi chini taratibu. "Kovacic haibi, Orville. Na watu ukawaambie nini?"

"Nitasema imepotea."

"Sema kweli. Angalau leo." Akachukua funguo za gari. "Natangulia. Mimi siwezi kuchelewa."

Orville akabaki akihema. Akapindua mito ya kochi, akapasua na mfuko wa chakula cha mbwa. Hakuna. Akavaa shati likiwa bado na joto la pasi, akaenda.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa umejaa pomoni. Jaji akamwita mbele, akamwomba nyota. Orville akaona nyuso zote zikimkazia macho, na ule uongo alioutunga njiani akauacha.

"Sina," akasema. "Niliificha ili Kovacic asiivae. Nilipoirudia, haipo. Msimtafute mwizi, mwenye makosa ni mimi."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Aibu, Haugen!"

"Ni aibu kweli," Orville akajibu. "Na niwaambie jingine. Ile siku mzee Kovacic alinipachika mimi, sote tulijua nani alistahili. Nilijua, nikapokea, nikanyamaza."

Kovacic akainuka mstari wa mbele, akaja mpaka mbele yake. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Kisha akakunjua kiganja, na nyota ya bati ilikuwa humo, na unga wa kahawa bado umeganda kwenye ile ncha iliyopinda.

"Kopo la kahawa tena, Orville?" akasema Vida Kovacic. "Haya, nipachike, mume wangu. Na leo urudi kulala kitandani."